Kwa nini chiriku huyu ni mwekundu, na nduguye ni wa manjano?

Juma hili tunamzungumzia ndege mdogo ambaye uzito wake hauzidi gramu 27, lakini ambaye kwa miongo kadhaa sasa amewashughulisha wataalamu kwa swali ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: mbona huyu ni mwekundu, na yule aliyetua kando yake ni wa manjano?

Ndege mwenyewe ni wa jamii ya chiriku. Kwa Kiingereza huitwa house finch, yaani chiriku wa nyumbani, na jina hilo linamstahili. Wasikilizaji wetu wanaoishi Marekani, kusini mwa Kanada au Mexico yamkini wamekwisha kumwona, hata kama hawakumjua kwa jina. Hujenga kiota juu ya taa ya kibarazani, katika vyungu vya maua vinavyoning'inizwa, hata katika shada la mapambo lililotundikwa mlangoni. Jike ni wa rangi ya kahawia iliyofifia, mwenye michirizi kifuani. Dume naye ana michirizi, lakini paji la uso, koo, kifua na kiuno chake vimekolea wekundu wa pilipili iliyoiva.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyomchora. Lakini mtu anayewatazama ndege hawa kwa muda mrefu, hasa wakati wa baridi wanapokusanyika kugombea mbegu za alizeti, atagundua kwamba madume hawafanani. Yupo mwekundu kabisa. Yupo wa rangi ya chungwa. Na mara mojamoja hutokea mmoja ambaye kila mahali ambapo wenzake ni wekundu, yeye ni wa manjano. Wengi wanaomwona hudhani kwamba ni ndege wa aina nyingine, au ni kanari aliyetoroka kizimbani. La hasha. Ni chiriku yuleyule, na huenda hata akawa ametoka katika kiota kimoja na yule mwekundu.

Jibu la kitendawili hiki halipatikani kwa kuzitazama jeni za ndege huyo peke yake. Linapatikana pia katika chakula chake na katika afya yake, na zaidi ya yote katika majuma machache ya mwaka ambamo manyoya yake yalikuwa yanaota.

Rangi za aina mbili

Rangi nyingi tunazoziona katika manyoya ya ndege wa jamii hii hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni melanini, ileile inayoipa ngozi na nywele zetu weusi wake. Ndege huitengeneza mwenyewe mwilini, na ndiyo inayoleta rangi nyeusi, ya kijivu na ya kahawia. Cha pili ni karotenoidi, nazo ndizo zinazoleta manjano, rangi ya chungwa na wekundu. Hizi ndege hawezi kuzitengeneza kutoka mwanzo. Hutengenezwa na mimea, miani, kuvu na baadhi ya bakteria, na ndege huzipata kwa kula.

Jambo hili wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanalijua pengine bila kulipa jina. Yai la kuku anayezunguka uani akidonoa majani mabichi huwa na kiini kilichokolea, ilhali kuku aliyefungiwa na kulishwa mahindi meupe hutaga mayai yenye kiini kilichopauka. Heroe wa ziwa Natron na ziwa Bogoria, wale wanaofanya maji yaonekane ya waridi kutoka mbali, nao huzaliwa wakiwa wa kijivu. Waridi yao huja baadaye, kutokana na viumbe vidogo vya majini wanavyovichuja kwa midomo yao.

Kugawanyika huku kwa rangi kunaeleza pia ajabu nyingine ambayo watazamaji wa ndege huiripoti. Ikiwa chiriku amezaliwa na hitilafu inayozuia melanini isifike katika manyoya, huwa na mabaka meupe, au huwa mweupe karibu mwili mzima. Lakini karotenoidi hupita njia yake nyingine, hazina habari na hitilafu hiyo. Ndiyo maana huweza kuonekana dume mweupe kama pamba, ambaye kichwa na kifua chake vimebaki vyekundu vilevile. Ndege wa namna hii anashangaza macho, ila kwa mwanasayansi habari yake ni fupi: jambo moja limeharibika, na linajulikana ni lipi. Yule wa manjano ndiye mwenye hadithi ndefu.

Hubadili manyoya mara moja kwa mwaka

Chiriku wa nyumbani hupukutisha manyoya na kuotesha mapya mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa majira ya joto hadi katikati ya majira ya kupukutika kwa majani. Unyoya unapoota hupewa damu, na pamoja na damu hiyo hupelekewa karotenoidi. Ukishakomaa, unyoya ni kitu kisicho na uhai, mfano wa ukucha. Rangi iliyoingia imekwisha kuingia. Kwa hiyo dume anayemwimbia jike mwezi wa Aprili amevaa habari za mwezi wa Agosti na Septemba uliopita: alikula nini, na mwili wake ulikuwa katika hali gani wakati ule. Hata akishiba leo kuliko ndege wote wa mtaa, rangi yake haitabadilika mpaka msimu ujao.

Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Karotenoidi zinazopatikana kwa wingi katika mbegu na majani, kama vile luteini na zeaksanthini, ni za manjano. Wekundu wa chiriku huyu hautoki moja kwa moja katika chakula. Mwili wake huchukua karotenoidi ya manjano au ya rangi ya chungwa na kuigeuza kikemia, kwa kuiongezea oksijeni, mpaka ikawa nyekundu. Akizikosa karotenoidi zinazofaa kugeuzwa, au mwili wake ukishindwa kuzigeuza, basi zile za manjano ndizo zitakazoingia katika unyoya. Kwa maneno mengine, manjano si rangi iliyoongezwa. Ni wekundu ambao haukukamilika.

Wafugaji wa ndege waliliona hili kabla ya maabara. Chiriku mwekundu akikamatwa na kuwekwa kizimbani kwa lishe ya mbegu tupu, baada ya kubadili manyoya hutoka wa manjano. Watafiti walipoifanya kazi hiyo kwa utaratibu, wakiwalisha madume mbegu peke yake, na wengine wakiwaongezea kanthaksanthini ambayo ni karotenoidi nyekundu tayari, wa kwanza wakawa wa manjano na wa pili wakawa wekundu. Aidha, madume waliokusanywa kutoka sehemu zenye ndege wa rangi tofauti walipolishwa chakula cha namna moja, tofauti zao zilipungua na wakakaribia kufanana.

Visiwa vya Hawaii ni mfano mzuri wa jambo hilo huko porini. Chiriku hawa walifikishwa huko na binadamu kabla ya mwaka 1870, na leo madume wengi visiwani ni wa manjano au wa rangi ya chungwa. Wenyeji wamempa jina la ndege wa mapapai, kwa kuwa hupenda kuyala matunda hayo, na kwangu mimi hilo ndilo jina tamu kuliko yote aliyopewa.

Hata kuwapo kwa ndege hawa mashariki ya Marekani ni kazi ya mikono ya watu, na rangi ina sehemu yake katika kisa hicho. Asili yao ni magharibi ya nchi hiyo na Mexico. Katika miaka ya 1930 walikamatwa porini na kuuzwa New York kwa jina la chiriku wa Hollywood, jina la kuvutia wanunuzi, ingawa sheria ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wanaohama ilikataza biashara hiyo. Wakuu wa serikali walipoanza kuwafuatilia, mnamo mwaka 1940, baadhi ya wauzaji wakawafungulia ndege wao katika kisiwa cha Long Island ili wasikutwe nao. Kutoka kwa wachache hao wakazaliana na kusambaa, na ilipofika miaka ya 1990 walikuwa wamekutana na ndugu zao wa magharibi katikati ya bara.

Jeni peke yake haikutosha

Kuna kisa kingine, cha Ujerumani, kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi urithi na chakula vinavyotegemeana. Katika miaka ya 1920, Hans Duncker, mwalimu wa shule katika mji wa Bremen, alikusudia kumpata kanari mwekundu. Kanari ni chiriku wa manjano, na hana uwezo wa kutengeneza wekundu. Duncker akaona dawa ni kumchanganya na chiriku mwekundu wa Venezuela, ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na mwili mwekundu kama kaa la moto, ili wekundu wake urithiwe na vizazi vya kanari. Alifanya kazi kwa miaka, akapata ndege wa rangi ya chungwa. Mwekundu hasa hakumpata. Baada yake ndipo wafugaji walipotambua kilichokosekana: jeni ilikuwa imekwisha kuingia, lakini ndege hawakupewa chakula chenye karotenoidi za kutosha ili jeni hiyo ipate cha kugeuza. Walipoongezewa chakula hicho, kanari wekundu wakapatikana.

Kanari hao ndio waliokuja kufumbua fumbo. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo yao kwa wakati mmoja. Kundi moja lilimchunguza kanari mwekundu, likatafuta ni sehemu gani ya urithi wake iliyotoka kwa yule ndege wa Venezuela. La pili liliwachunguza ndege wadogo wa Australia waitwao chiriku pundamilia, ambao kwa kawaida wana mdomo mwekundu, lakini baadhi yao huzaliwa wakiwa na mdomo wa manjano. Makundi yote mawili yaliangukia palepale: jeni iitwayo CYP2J19, inayotengeneza kimeng'enya kinachoshiriki kuigeuza karotenoidi ya manjano kuwa nyekundu. Mwaka 2022 ikaelezwa jeni ya pili inayofanya kazi bega kwa bega na hiyo.

Chiriku mwekundu wa Venezuela mwenyewe hakunufaika na umaarufu huo. Alikamatwa kwa wingi mno, kwa ajili ya wafugaji wa kanari na kwa ajili ya uzuri wake, hata leo amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Kundi ambalo halikujulikana hapo awali liligunduliwa kusini mwa Guyana, na habari zake zikatangazwa mwaka 2003. Bila ugunduzi huo hali yake ingekuwa mbaya zaidi.

Jike anatazama nini?

Turudi Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Geoffrey Hill, wakati huo akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Michigan, alianza kuwafuatilia chiriku wa nyumbani wa mji wa Ann Arbor. Aliwakamata, akawatia pete za rangi miguuni na kuwaachia, kisha akaangalia nani anapata mwenzi na nani anakosa. Halafu akafanya jambo ambalo kila anayelisikia hutabasamu: alichukua dawa za nywele za madukani, madume wengine akawapaka wakawa wekundu zaidi, wengine akawafifisha. Waliokolezwa walipata majike kwa urahisi kuliko waliofifishwa, ingawa ndani ya miili yao hakuna kilichobadilika.

Mwaka 1991 Hill alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti wake. Madume waliokuwa wekundu kwa asili walileta chakula kingi zaidi kiotani, na wengi zaidi kati yao walivuka baridi wakiwa hai. Baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, akaendelea na ndege huyohuyo kwa miongo mingine mitatu. Hoja yake ni kwamba wekundu hauwezi kuigizwa. Dume dhaifu hawezi kujipaka, kwa sababu rangi yenyewe hutokana na mwili uliolishwa vizuri na usio na maradhi wakati manyoya yanapoota.

Hata hivyo, msikilizaji, usimhurumie mno yule wa manjano. Uchunguzi wa chiriku hawa wakigombea chakula umeonyesha kwamba aghalabu madume waliofifia ndio huwafukuza wale wekundu, si kinyume chake. Huenda mwenye kukosa mvuto hulazimika kupigania kila punje. Na wapo wa manjano wanaopata wenzi na kulea makinda, ingawa mara nyingi huchelewa katika msimu.

Maradhi yalipoingia

Katika majira ya baridi ya mwaka 1994, wakazi wa maeneo ya jirani na Washington walianza kuona chiriku wenye macho yaliyovimba na kujaa tongotongo, wengine wakiwa hawaoni kabisa, wamejikunyata chini ya vyombo vya kulishia wasiweze kuruka. Vipimo vilionyesha ni bakteria aitwaye Mycoplasma gallisepticum. Wafugaji wa kuku wanamjua vyema, kwa kuwa ndiye anayeleta ugonjwa sugu wa njia ya hewa kwa kuku na bata mzinga duniani kote. Safari hii alikuwa amevuka na kuingia kwa ndege wa porini.

Ugonjwa ulienea mashariki yote ya Marekani katika miaka michache. Maelfu ya watu wa kawaida walijitolea kuhesabu ndege wagonjwa na kutuma taarifa zao katika chuo kikuu cha Cornell, na kwa taarifa hizo ikabainika kwamba mahali walipokuwa wengi, chiriku hawa walipungua kwa zaidi ya nusu. Ni pigo lililoumiza, lakini lilileta jaribio ambalo hakuna mtafiti ambaye angethubutu kulifanya kwa makusudi. Je, nani angesalia?

Hill na wenzake walikuwa na kumbukumbu za rangi za madume wa Auburn tangu kabla ya maradhi kufika. Mwaka 1998 walitangaza kwamba madume walionusurika walikuwa wekundu zaidi kuliko waliokufa. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2000, ulilifunga duara kutoka upande wa pili: madume walioambukizwa bakteria huyo, au vimelea vya utumboni viitwavyo koksidia, wakati walipokuwa wanaotesha manyoya, walitoka wakiwa wamefifia na kuelekea manjano, ingawa walilishwa sawa na wenzao wazima. Basi si njaa peke yake inayomfanya chiriku kuwa wa manjano. Hata maradhi yaliyokwisha kupona huacha alama yake, na jike huisoma miezi kadhaa baadaye.

Kwa wasikilizaji walio Marekani na Kanada wanaopenda kuwawekea ndege chakula, hapa pana la kufanya. Ugonjwa huo upo hadi leo. Ukimwona ndege mwenye macho yaliyovimba, wataalamu wanashauri uondoe chombo cha kulishia kwa muda, ndege watawanyike, na ukioshe kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, ukisuuze na kukikausha kabla ya kukirudisha. Bakteria huyo hajulikani kuwaambukiza binadamu, lakini nawa mikono.

Ubishi haujaisha

Si wote wanaoridhika na maelezo ya Hill. Wapo wanaosema kwamba chakula kinatosha kueleza tofauti nyingi: aliyepata matunda mengi ni mwekundu, aliyekosa ni wa manjano, basi. Wengine wanaonyesha kwamba katika ndege wa aina nyingine uhusiano kati ya karotenoidi na afya ni dhaifu au haupo. Hill kwa upande wake alihamisha hoja kutoka sahani kwenda ndani ya seli. Alidai kwamba kugeuza manjano kuwa nyekundu hufungamana na kazi ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli ambamo nguvu za mwili huzalishwa. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa chiriku waliokuwa katika kubadili manyoya, wakaonyesha kwamba wale waliokuwa wakiotesha manyoya mekundu zaidi walikuwa na mitokondria zenye kufanya kazi vizuri zaidi, na kwamba karotenoidi nyekundu zilirundikana ndani ya mitokondria hizo katika ini. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi wenye uzito zaidi katika ubishi huu, kwa sababu unaeleza ni kwa nini afya iguse rangi, badala ya kusema tu kwamba huigusa.

Lakini ni kosa kumchukua chiriku huyu kuwa kipimo cha ndege wote. Ndege mwekundu wa bustani za Marekani aitwaye kardinali naye hutokea kuwa wa manjano, ila kwa nadra mno. Mmoja aliyeonekana Alabama mwanzoni mwa mwaka 2018 alitangazwa katika magazeti na televisheni. Kardinali wa manjano kutoka Louisiana aliyechunguzwa kikemia, matokeo yake yakitolewa mwaka 2003, alikuwa na karotenoidi za manjano za kutosha. Alichokosa ni uwezo wa kuzigeuza, hitilafu ya kuzaliwa ambayo chakula chema kisingeirekebisha.

Kaskazini mwa Australia yupo ndege mwingine mdogo, aliyeelezwa na John Gould mwaka 1844 na kupewa jina la mkewe Elizabeth, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mwili wake una kijani, zambarau na manjano, na kichwa chake huwa cha rangi moja kati ya tatu. Takriban ndege saba kati ya kumi wana kichwa cheusi, karibu watatu wana kichwa chekundu, na wale wenye kichwa cha manjano ni wachache kiasi kwamba mtu anaweza kuona maelfu asimwone mmoja. Hapa chakula hakina neno. Mwenye kichwa cheusi alizaliwa awe hivyo, na tafiti mbili za mwaka 2018 na 2019 zimeonyesha mahali inapokaa tofauti hiyo katika kromosomu ya jinsia.

Na wasikilizaji wa Tanzania na Kenya wana ndege wao wa kulinganisha, japo hawampendi. Kweleakwelea, anayewatoa jasho wakulima wa mpunga wa Mwea na Ahero na wa mtama wa Dodoma, si chiriku hasa, ni jamaa wa kwera, lakini naye ana mdomo mnene wa kuvunjia punje na naye madume wake hawafanani. Mtu akipata nafasi ya kumtazama mmoja mmoja, badala ya wingu zima linaloteremka shambani, ataona wakati wa kuzaliana kwamba wengine wana barakoa nyeusi usoni na wengine nyeupe, na kwamba kifua na utosi huweza kuwa wa manjano, wa waridi au wenye kukaribia wekundu.

James Dale, mtafiti aliyewachunguza, alitarajia kukuta habari ileile ya chiriku wa Marekani. Hakuikuta. Mwaka 2000 alieleza kwamba rangi za madume hao haziambatani na ubora wa hali zao za mwili. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wawili wakawaweka kweleakwelea na chiriku wa nyumbani katika mizani moja. Kwa chiriku, dalili za rangi huelekea upande mmoja: mwenye wekundu mkali aghalabu ndiye mwenye eneo kubwa la wekundu. Kwa kweleakwelea kila sehemu hubadilika kivyake, barakoa nyeusi na kifua cha manjano, barakoa nyeupe na kifua cha waridi, michanganyiko ya kila namna, kama sura za watu. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba ndege anayejenga kiota miongoni mwa maelfu kwa maelfu, katika miti ya miiba iliyojaa viota vilivyobanana, anahitaji kutambuliwa na jirani zake kuwa yeye ni yeye, mwenye tawi hili, wasianze kupigana upya kila anaporejea na jani mdomoni.